Bei ya wiketi moja: wachimba makaa ya mawe waliokuwa juu katika hesabu za kriketi

Wakaaji wengi wa Lukafu, sawa vile wenzao wa Lubumbashi, wanakumbuka ile Desemba ya mwaka 2010. TP Mazembe ilikuwa Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la vilabu. Ikaipiga Pachuca ya Mexico goli 1 kwa 0. Ikaipiga Internacional ya Brazil magoli 2 kwa 0. Kisha ikaingia fainali na Inter Milan, ikafungwa 3 kwa 0. Robert Kidiaba njo alikuwa golini mechi zote tatu, na ile dansi yake ya kuruka-ruka kwa makalio ikazunguka dunia nzima.

Sasa fanya hesabu. Mechi 3, magoli yaliyoingia 3. Wastani ni goli 1 kwa kila mechi. Lakini hakuna mechi hata moja ambayo Kidiaba alifungwa goli 1. Siku mbili hakufungwa kitu, siku moja alifungwa matatu. Hakuna goli lililoongezwa wala kupunguzwa, hesabu iko sawa kabisa. Tatizo ni kwa yule ambaye hakusikia mechi hizo kwenye radio: akipewa ile namba 1 peke yake, atafikiri mambo yalikwenda namna ingine.

Mpira wa miguu hauhesabu sana vitu kama hivi. Watu wanahesabu magoli na pointi, basi. Kuna mchezo mwingine ambao umeshikwa na hesabu za wastani toka asubuhi mpaka jioni, na huo ni kriketi. Hapa Katanga si wengi wanaoucheza. Lakini inchi zinazozunguka huku zinaujua: Zambia, pale ng'ambo ya Kasumbalesa, Tanzania, Kenya, Uganda. Zote zilitawaliwa na Waingereza, na mchezo ulifika pamoja nao na pamoja na familia za Wahindi waliokuja kufanya biashara na kujenga reli. Anayesikiliza radio za Kiingereza usiku atakuwa amesikia mtangazaji akisema mtu fulani amechukua "wiketi tano kwa mbio 24", na maneno hayo yakapita bule tu bila kueleweka.

Kwa mtu wa Haut-Katanga iko sababu ingine ya kutega sikio. Katika vitabu vya hesabu za warushaji wa Uingereza, baadhi ya namba bora kuliko zote ziliandikwa na watu waliotoka chini ya ardhi, watoto wa migodi ya makaa ya mawe. Na namba zao, hata vile zilikuwa nzuri, hazikuwafungulia kila mlango.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Timu mbili, kila moja ina watu 11. Moja inapiga, ingine inarusha na kulinda uwanja. Mrushaji anakuja mbio, anaurusha mpira mgumu wa ngozi bila kukunjua kiwiko, na mpigaji anamngoja mbele ya vijiti vitatu vilivyosimikwa chini, amekamata rungu pana la ubao. Akiupiga mpira mbali, anakimbilia upande wa pili na timu yake inaandikiwa mbio moja, mbili, ama zaidi. Mpira ukibingirika mpaka ukingo wa uwanja ni mbio 4, ukiuruka ukingo bila kugusa chini ni 6. Mrushaji yeye anatafuta kumtoa: mpira ugonge vijiti, ama mpigaji aupige juu na mtu audake kabla haujaanguka. Mpigaji mmoja akitoka, hiyo inaitwa wiketi moja. Wakitoka kumi, zamu imekwisha, juu wa 11 hana tena mwenzake wa kukimbia naye. Mipira sita ya mrushaji mmoja inaitwa ova.

Siku hizi kuna kriketi fupi ya saa tatu. Lakini ile ambayo Waingereza wanaiita ya daraja la kwanza ni ndefu: kila timu inapiga mara mbili, na mechi moja inachukua siku tatu ama nne. Ndiyo, siku nne, na wanasimama kula chakula cha mchana na kunywa chai. Wanaocheza ni majimbo ya Uingereza, yaani Yorkshire, Derbyshire, Nottinghamshire, Middlesex na mengine, toka mwezi wa nne mpaka wa tisa kila mwaka.

Msimu ukiisha, wanatoa orodha ya warushaji wote na kuwapanga kwa wastani. Hapo njo penye maana.

Mtu anayenunua makala Lukafu ili akauze Lubumbashi ataisikia hesabu hii haraka. Tuseme amenunua mifuko 10 na ametoa franka 150 000. Kila mfuko umemgharimu wastani wa franka 15 000. Mrushaji wa kriketi naye ni mnunuzi. Anachonunua ni wiketi, na pesa anayolipa ni mbio ambazo wapigaji wanapata kwenye mipira yake. Chukua mbio zote alizoachia, zigawe kwa wiketi zote alizochukua, na jibu ni bei ya wiketi moja. Kama kwa makala, bei ikiwa chini mnunuzi ana furaha. Ndiyo maana orodha ya warushaji inaanza na namba ndogo juu na kushuka kuelekea namba kubwa, kinyume cha orodha ya wapigaji. Mrushaji mwenye bei ya 20 kwa msimu mzima ni mzuri sana. Mwenye 30 ni wa kawaida. Akifika 40, watu wanaanza kumuuliza maswali.

Mfano wa karibu ni wa Uganda. Tarehe 5 Juni 2024, kule Guyana, Uganda ilipata ushindi wake wa kwanza kabisa katika Kombe la Dunia la kriketi fupi, kwa kuipiga Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43 kati ya vijana, alirusha ova 4. Hiyo ni mipira 24. Wapigaji walipata mbio 4 tu juu yake, na wawili wakatoka. Mbio 4 kwa wiketi 2: bei yake ile siku ilikuwa 2. Kwa kila ova aliachia mbio 1, na kila mipira 12 ilimpa wiketi. Hesabu hizi mbili za pembeni zinasaidia, maana kuna mrushaji anayetoa watu haraka lakini anapigwa sana, na kuna mwingine asiyepigwa lakini hatoi watu. Wastani unawachanganya wote wawili katika namba moja.

Je, mtu mwenye bei ya 2 ni bora kuliko mwenye bei ya 20? Hapana, na wala Nsubuga mwenyewe hatasema hivyo. Ile 2 ni ya mechi moja. Ya pili ni ya miezi mitano. Mwezi wa saba 1932, pale Leeds, Hedley Verity wa Yorkshire aliwatoa wapigaji wote kumi wa Nottinghamshire kwa mbio 10 katika zamu moja. Bei: 1. Hakuna mrushaji mwingine wa daraja la kwanza aliyewatoa wote kumi kwa mbio chache hivyo. Lakini msimu ule ulipokwisha Verity alikuwa kwenye 13 na kitu, na aliyekuwa juu yake katika orodha alikuwa mtu wa hiyo hiyo Nottinghamshire iliyoaibishwa. Huyo atarudi hapa chini. Kwa sababu ya siku kama ile ya Verity, wanaotengeneza orodha wanaweka mpaka: ambaye hajafikisha idadi fulani ya wiketi, mara nyingi 10, hapangwi. Bila hivyo kijana aliyerusha mara moja na kubahatika angekaa juu ya watu waliotoka jasho toka mwezi wa nne.

Mtego mwingine ni nani alikuwa mbele yako. Phil Edmonds alizaliwa Lusaka mwaka 1951, wakati Zambia ilikuwa ingali Rhodesia ya Kaskazini. Watu wa biashara ya minerai huku wanaweza kulijua jina lake kwa njia ingine: yeye njo alikuwa mwenyekiti wa CAMEC, kampuni iliyochimba shaba na kobalti Katanga mpaka ENRC ikainunua mwaka 2009. Kabla ya minerai alikuwa mrushaji wa Middlesex, wa mkono wa kushoto, mpira wake ukigusa chini unapinda. Katika maisha yake yote ya daraja la kwanza alichukua wiketi 1246 kwa bei ya 25.66. Lakini ukihesabu zile mechi 51 tu alizochezea Uingereza dhidi ya mataifa mengine, wiketi 125, bei inapanda mpaka 34.18. Mkono ni ule ule. Waliokuwa mbele yake njo walibadilika: wapigaji bora wa dunia badala ya timu ya chuo siku ya Jumatano.

Collins Obuya wa Kenya alionja jambo hilo kwa uchungu zaidi. Tarehe 24 Februari 2003, Nairobi, Kenya iliipiga Sri Lanka kwenye Kombe la Dunia, na Obuya, kijana wa miaka 21, akachukua wiketi 5 kwa mbio 24. Hiyo ni bei ya 4.80, na dhidi ya timu iliyokuwa imeshachukua kombe hilo mwaka 1996. Warwickshire ya Uingereza ikamwita mwaka ule ule. Msimu haukumwendea vizuri, goti likamsumbua, wiketi zikawa chache. Ni msimu ule ule ambao Mushtaq Ahmed wa Pakistani, mrushaji wa mtindo ule ule wa kupindisha mpira kwa kiganja, alichukua wiketi zaidi ya 100 na kuipa Sussex ubingwa wa kwanza katika historia yake. Aliyesoma orodha ya Uingereza peke yake mwisho wa 2003 angesema Obuya hakuwa kitu. Aliyesoma hesabu ya Nairobi peke yake angesema ni bora kuliko Mushtaq. Wote wawili wangekosea. Obuya mwenyewe baadaye aliacha kutegemea mkono wa kurusha, akajifanya mpigaji, na tarehe 13 Machi 2011 kule Bangalore akapiga mbio 98 dhidi ya Australia bila kutolewa.

Halafu kuna mvua.

Kila anayesafirisha mizigo toka Lukafu anajua namna mvua inavyobadilisha bei. Barabara ikichafuka magari yanakuwa machache, na mfuko wa makala ambao wakati wa kiangazi ulikuwa wa bei nafuu unapanda mjini. Haina maana makala yamekuwa mazuri zaidi. Katika kriketi ya Uingereza ya zamani mvua ilifanya kazi kama hiyo, lakini upande wa pili: ilishusha bei ya mrushaji. Uwanja haukufunikwa. Mvua ikinyesha usiku na jua likitoka asubuhi, udongo ulikuwa unaruka-ruka, mpira mmoja unapanda mpaka kidevuni, unaofuata unateleza chini kwenye kisigino. Mpigaji hakujua afanye nini. Miaka ya baadaye walianza kufunika viwanja, na bei za warushaji zikapanda kwa wote.

Mwaka 1958 ulikuwa mwaka wa maji. Mwezi wa nane mwaka ule Derbyshire ilicheza na Hampshire katika mji wa Burton-on-Trent. Derbyshire ilipata mbio 74, Hampshire ikatoka kwa 23. Derbyshire ikapiga tena, 107, na Hampshire ikatoka kwa 55. Kwa siku moja tu wiketi 39 zilianguka. Jumla ya mbio zote za timu zote mbili ni 259, yaani kila wiketi ilinunuliwa kwa karibu mbio sita na nusu. Hampshire si timu mbaya: msimu ule ilimaliza ya pili katika Uingereza yote.

Katika msimu huo Les Jackson wa Derbyshire alichukua wiketi 143 kwa bei ya 10.99. Toka mwaka 1894 hakuna mtu aliyekuwa amefikisha wiketi 100 katika msimu mmoja kwa bei ya chini hivyo.

Jackson alizaliwa Whitwell mwaka 1921, katika nchi ya migodi ya makaa ya mawe. Si makala ya miti, ni yale makaa yanayochimbwa chini ya ardhi, kama yale ya Luena yaliyokuwa yakilisha tanuru za Union Minière. Kabla ya kriketi alikuwa mchimbaji. Alianza kuchezea Derbyshire mwaka 1947, akiwa tayari na miaka 26, umri ambao wengine wamekwisha kujulikana. Derbyshire na jirani yake Nottinghamshire zilikaa juu ya makaa ya mawe yale yale, sawa vile Likasi na Kolwezi zinavyokaa juu ya shaba, na watu wa kule walikuwa na mzaha wao: ukitaka mrushaji wa mbio, nenda kwenye mdomo wa shimo la mgodi, piga mluzi, mmoja atapanda juu.

Je, ile 10.99 ni mvua tu? Hapa orodha inajibu yenyewe, mtu akiisoma vizuri. Mvua ilinyeshea warushaji wote wa Uingereza mwaka 1958. Wote walipata udongo ule ule, na wengi bei zao zilishuka. Jackson bado alikuwa chini kuliko wote. Na alipomaliza kazi yake yote, misimu ya mvua na misimu ya jua pamoja, alikuwa na wiketi 1733 kwa bei ya 17.36. Miaka 17 haiwezi kuwa bahati ya mawingu. Namba ya msimu mmoja ilihitaji maelezo. Namba ya maisha yote haikuhitaji sana.

Lakini mwisho wa mwaka ule timu ya Uingereza ilipanda meli kwenda Australia bila yeye. Ilifungwa mechi 4 kwa 0.

Sababu iliyokuwa ikitajwa ni mkono wake. Hakuuinua juu kabisa wakati wa kurusha, mpira ulitoka pembeni kama jiwe la teo, na waliopenda mrushaji wa kufuata kitabu hawakuupenda. Walisema pia kwamba kwenye viwanja vikavu na vigumu vya ng'ambo asingefanya kitu. Neno hilo la pili lina uzito wake, na hakuna hesabu ya Derbyshire inayoweza kulikanusha, maana Derbyshire si Australia. Lakini kulijibu kulikuwa na njia moja tu, kumpeleka, na hawakumpeleka.

Iko na jambo lingine ambalo watu wa kule hawakulisahau. Mpaka mwaka 1962 kriketi ya Uingereza iliwagawa wachezaji makundi mawili: mabwana wasiolipwa, na wafanyakazi waliolipwa. Kwenye karatasi ya mechi hata majina yao yaliandikwa tofauti, na kwenye viwanja vingi walivalia vyumba tofauti na kuingia uwanjani kwa milango tofauti. Wazee wa Lubumbashi waliokua katika kambi za Union Minière hawahitaji kuelezwa milango miwili inamaanisha nini. Hata hivyo si haki kumtupia mpango huo lawama yote. Fred Trueman naye alikuwa mtoto wa mchimbaji, toka Yorkshire, mwenye kinywa kikali kuliko Jackson, na aliitwa mara 67. Walijua kupiga mluzi kwenye shimo walipotaka.

Yule aliyekuwa juu ya Verity mwaka 1932 ni mfano mwingine, na wake ni mchungu zaidi. Harold Larwood alizaliwa mwaka 1904 Nuncargate, kijiji cha wachimbaji cha Nottinghamshire. Akiwa na miaka 14 alikuwa mgodini akiongoza farasi wadogo waliovuta mabehewa ya makaa chini ya ardhi. Alikuwa mfupi, lakini aliurusha mpira kwa kasi ambayo wapigaji wa wakati wake waliiogopa kuliko ya mtu yeyote. Mwaka 1932 alichukua wiketi 162 kwa bei ya 12.86, akawa wa kwanza.

Miezi michache baadaye, Australia, kapteni wake Douglas Jardine, mmoja wa wale mabwana, alimwambia arushe mpira uelekee mwili wa mpigaji, na watu wengi wasimame upande ule kuudaka. Larwood akafanya alivyoambiwa. Akachukua wiketi 33 katika mechi tano kwa bei ya 19.51, Uingereza ikashinda, na kelele zikawa kubwa mpaka serikali za inchi mbili zikaingilia. Waliporudi nyumbani, wakubwa wa mchezo walimtaka Larwood aandike barua ya kuomba msamaha. Akakataa. Alisema alifuata amri ya kapteni wake, na hapo hakusogea. Hakuichezea Uingereza tena hata siku moja.

Orodha lakini haikujua habari za barua. Mwaka 1936 Larwood, mguu umeshaumia na kasi imepungua, alichukua wiketi 119 kwa bei ya 12.97 na kurudi juu kabisa kwa mara ya tano katika maisha yake. Mtu akikisoma kitabu cha mwaka ule bila kujua habari, atashangaa: wa kwanza katika Uingereza yote, na katika timu ya taifa hayupo. Mwaka 1950 alihamia na familia yake Australia, inchi ile ile iliyomzomea, akakaa huko mpaka alipokufa mwaka 1995.

Kwa hiyo anayeisoma orodha ya warushaji anatakiwa kuuliza: wiketi ngapi, dhidi ya nani, juu ya udongo gani, kwa miaka mingapi. Maswali hayo yanafaa hata pale kocha anapokuja kijijini kuchagua vijana na kumwambia mzazi kwamba mtoto wake amefungwa magoli mengi. Mbele ya walinzi gani? Kwenye uwanja gani, na mvua ilinyesha?

Les Jackson aliitwa na Uingereza mara mbili tu. Ya kwanza ilikuwa mwaka 1949, na New Zealand: wiketi 3. Kisha akangoja miaka 12. Mwaka 1961, timu ya Australia ikiwa Uingereza, mmoja wa warushaji wakubwa aliumia na mtu akatafutwa haraka kwa mechi ya Leeds. Jackson alikuwa na miaka 40. Alirusha, akachukua wiketi 2 katika zamu ya kwanza na 2 katika zamu ya pili, Trueman upande wa pili akachukua 11, na Uingereza ikashinda. Ukijumlisha mechi zake mbili unapata wiketi 7 kwa mbio 155, bei ya 22.14, dhidi ya mataifa.

Mechi iliyofuata wakamchagua mwingine. Jackson akarudi Derbyshire, akaendelea kurusha mpaka mwaka 1963.